Sauti Ifike Nzima

Leo nimeleta suala la sauti zetu kwenye simu za video: za ofisini, za madarasani, za mahakamani, na za vikao vya ukoo, pale waliopo Tanga na waliopo Maskati wanapokutana Jumapili kuzungumzia mahari, mirathi au matibabu ya mzee. Tutaifuata sauti tangu inapotoka kinywani hadi inapoingia sikioni mwa mwenzako, tuone inaharibikia wapi na inatengenezwaje. Mengi nitakayoyataja hayahitaji hata shilingi moja.

Kwanza nieleze kwa nini jambo hili si la mafundi peke yao.

Mwaka 2018 watafiti wawili, Eryn Newman wa Australia na Norbert Schwarz wa Marekani, walichukua video za wanasayansi wakihutubia mikutano. Kila hotuba waliiandaa kwa namna mbili, moja ikiwa na sauti safi na nyingine ikiwa na sauti mbovu. Mtu alikuwa yuleyule na maneno yaleyale. Waliosikiliza sauti mbovu walisema hotuba ni dhaifu, msemaji hana akili sana, na utafiti wake hauna uzito. Watafiti wakarudia jaribio kwa mahojiano ya redio, na safari hii wakamtambulisha mwanasayansi kwa jina na kwa chuo anachofanyia kazi. Haikusaidia. Sauti mbovu ilimshusha vilevile, na heshima ya chuo chake haikumwokoa.

Mwaka 2025 watafiti wa Chuo Kikuu cha Yale, akiwemo mwanasaikolojia Brian Scholl, walitoa matokeo yanayokwenda mbali zaidi. Waliwasikilizisha watu ujumbe mfupi, wengine kwa sauti iliyojaa, na wengine ujumbe huohuo kwa sauti nyembamba, ya maiki duni. Walihakikisha kwamba maneno yanaeleweka sawasawa katika namna zote mbili. Hata hivyo, mwombaji kazi mwenye sauti nyembamba alionekana anafaa kuajiriwa kwa kiasi kidogo kuliko mwenye sauti iliyojaa, ingawa walisema maneno yaleyale. Na hata sauti ilipokuwa ya kompyuta, isiyo ya mtu yeyote, hukumu ilielekea kulekule.

Hapo ndipo ninapotaka tusimame kidogo. Watu wale hawakujua kwamba wanapima maiki. Kila mmoja aliamini kwamba anampima mtu.

Sasa chukua jambo hilo ulilete kwetu. Kijana anafanya usaili wa kazi kwa video akiwa chumba cha kupanga chenye paa la bati na sakafu ya saruji, kwa simu aliyonayo. Mwenzake anafanya usaili uleule akiwa sebuleni penye zulia na makochi, kwa hedifoni nzuri. Wakitoa majibu yanayolingana, mmoja ameshaanza nyuma na hakuna anayejua, yeye mwenyewe wala wanaomsaili. Mwaka 2020, UVIKO-19 ulipoingia, mahakama za Kenya zilihamishia kesi nyingi kwenye video, na utaratibu huo umebaki. Tanzania nako kuna kesi zinazosikilizwa kwa video, mshtakiwa akiwa gerezani na hakimu akiwa mahakamani. Mtu anapojitetea kwa njia hiyo, anastahili kusikika sawa na wakili aliyeketi mbele ya hakimu. Kwangu mimi, sauti kwenye simu ya video ni suala la haki kabla ya kuwa suala la vifaa.

Basi tuifuate sauti yenyewe.

Jambo la kwanza ni umbali kati ya kinywa na maiki. Ukisahau yote nitakayosema leo, shika hili. Sauti ikitoka kinywani hutawanyika, na kila umbali unapoongezeka mara mbili, nguvu yake inapungua kwa desibeli 6, yaani inabaki robo. Maiki ikiwa sentimita 15 kutoka kinywani, halafu ukaegemea kiti hadi sentimita 60, umeongeza umbali mara mbili, kisha mara mbili tena. Nguvu inayofika ni sehemu moja ya kumi na sita ya ile ya mwanzo. Lakini feni ya dari haijasogea. Jokofu linanguruma palepale, bodaboda zinapita barabara ileile, na vyote vinafika kwenye maiki kwa nguvu ileile ya awali. Kilichopungua ni sauti yako peke yake.

Na kuna la zaidi. Simu au kompyuta ikiona sauti ni ndogo, huikuza yenyewe. Inapokuza haichagui: sauti yako inapanda, na feni, na jogoo wa jirani, na redio ya chumba cha pili, vyote vinapanda pamoja. Ndiyo maana mtu aliye mbali na maiki husikika kana kwamba anaishi sokoni, ilhali nyumbani kwake pametulia kiasi.

Kipimo ni rahisi. Kutoka kinywani hadi kwenye maiki pawe shubiri moja, au pungufu. Usiielekeze maiki mbele ya midomo kabisa, maana herufi kama P na B hutoka na upepo, na upepo huo ukipiga maiki moja kwa moja unasikika kama kishindo. Iweke pembeni kidogo, usawa wa kona ya mdomo au chini ya kidevu. Ukitumia simu bila kifaa kingine, tafuta maiki yake iko wapi. Simu nyingi zina kitundu kidogo upande wa chini, karibu na pa kuchajia. Kitundu hicho kinazibwa na kiganja mtu anapoishika simu kwa ulalo, kinazibwa na kava lisiloenea vizuri, kinazibwa na kitabu alichoiegemezea simu. Anayeongea haoni chochote. Mwenzake anasikia mtu aliyefunikwa blanketi. Kabla ya kuilaumu kampuni ya simu, ondoa kidole.

Jambo la pili ni chumba. Hapa nyumba zetu nyingi za siku hizi zina tatizo, kwa sababu tunajenga kwa matofali ya saruji, tunapiga plasta, tunaweka vigae sakafuni na madirisha ya vioo. Vyote hivyo ni vigumu, na kitu kigumu hakirudishi sauti mara moja tu. Kinairusha kwa kingine, nacho kinairusha tena, mpaka neno la pili linatoka kabla la kwanza halijaisha kuvuma chumbani. Ukiwa ndani ya chumba hicho hulioni tatizo, kwani ubongo wenye masikio mawili una ustadi wa kutenga sauti ya mtu na mvumo wa kuta. Ila maiki moja ya simu inachanganya yote, na anayesikiliza upande wa pili hana tena njia ya kuyatenganisha.

Aliyetufundisha kulipima jambo hili ni Wallace Clement Sabine, mwalimu kijana wa fizikia katika Chuo Kikuu cha Harvard. Mwaka 1895 aliombwa kutafuta dawa ya ukumbi mpya wa mihadhara ambamo wanafunzi hawakuelewa mhadhiri anasema nini. Neno moja lilikuwa likivuma kwa sekunde tano na nusu hivi kabla ya kufifia. Sabine alifanya kazi usiku, mji ulipotulia, akibeba mito ya viti kutoka ukumbi mwingine na kuiingiza mmoja mmoja, huku akipima mvumo unapungua kwa kiasi gani. Kutokana na mito ile akapata kanuni inayotumika hadi leo: urefu wa mvumo unategemea ukubwa wa chumba na kiasi cha vitu laini vilivyomo vinavyomeza sauti.

Tuitumie kanuni hiyo kwenye chumba cha kawaida, mita nne kwa mita tatu, kimo mita tatu. Kikiwa kitupu, plasta na vigae tu, hesabu inatoa mvumo wa karibu sekunde tatu. Ingiza kitanda chenye godoro, pazia zito, zulia, nguo zilizotundikwa ukutani. Tuseme vyote pamoja vinameza sauti sawa na mita sita za mraba za dirisha lililo wazi, ambalo halirudishi sauti. Mvumo unashuka hadi karibu sehemu saba ya kumi ya sekunde. Chumba hakijabadilika, wala hujanunua kitu, ila maneno sasa yanaachana.

Kwa hiyo ukiwa na kikao muhimu, chumba cha kulala ni bora kuliko sebule yenye vigae. Kaa ukiwa umeelekea pazia au kabati la nguo lililofunguliwa, kwa sababu sauti yako inapiga kwanza kile kilicho mbele yako. Tandika blanketi au mkeka mzito juu ya meza, maana meza tupu iliyo chini ya maiki nayo inarudisha sauti. Kama umepanga chumba kisicho na dari na mvua ikaanza kupiga bati, hakuna programu itakayokuokoa. Omba radhi na uombe muda mwingine, na mwenye busara atakupa. Waandishi wengi wa redio walio safarini wanajua kwamba ndani ya gari lililoegeshwa, vioo vimepandishwa na injini imezimwa, ni studio nzuri: viti vya kitambaa, nafasi ndogo, na milango inayozuia kelele.

Jambo la tatu ni kifaa. Hapa watu wengi hukimbilia dukani, na mimi nawaomba wasubiri. Maiki ya bei kubwa ndani ya chumba kitupu itanasa mvumo wa chumba hicho kwa uaminifu mkubwa zaidi. Kifaa cha bei ndogo kinachosaidia kuliko vyote ni hedifoni za waya, zile zenye maiki ndogo kwenye waya wake. Zinafanya kazi mbili kwa pamoja. Zinaleta maiki karibu na mdomo, na zinaweka sauti ya wenzako masikioni mwako badala ya kuimwaga chumbani.

Lakini ziangalie zinavyovaliwa. Maiki ile ndogo huning'inia usawa wa kifua, na kila ukigeuza kichwa inakwaruza kola, kifungo cha shati, ushungi au mkufu. Kwa anayesikiliza ni mkwaruzo mkubwa, kwa sababu umetokea milimita chache kutoka kwenye maiki, wakati mdomo wako uko mbali zaidi. Dawa yake ni kibanio cha nguo. Bana waya kwenye nguo chini kidogo ya shingo, kitundu cha maiki kikitazama juu, na mkufu uuvue hadi kikao kiishe.

Vipi zile zisizo na waya, za Bluetooth? Ni nzuri kwa kusikiliza muziki, lakini zina tabia inayowashangaza wengi. Nyingi zikicheza muziki hupokea sauti pana. Ukifungua maiki yake, zinabadili utaratibu, na sauti ya pande zote mbili inakuwa nyembamba. Katika utaratibu wa zamani, sauti inapimwa mara 8,000 kwa sekunde, sawa na simu ya mezani. Katika ulioboreshwa ni mara 16,000. Teknolojia mpya zaidi ya Bluetooth imeanza kuliondoa tatizo hilo, ila vifaa vingi vilivyo mikononi mwetu ni vya kabla yake. Ukiwa kwenye kompyuta, nenda kwenye mipangilio ya sauti: sikilizia hedifoni hizo, lakini chagua maiki ya kompyuta au ya waya kwa kuongelea. Ni mibofyo miwili tu.

Kwa nini wembamba huo una madhara? Simu ya zamani ilipitisha sauti za kati ya hezi 300 na 3,400. Hizo zinatosha kuelewa mazungumzo ya kawaida, lakini sehemu kubwa ya S, F na TH iko juu ya hapo. Katika sentensi ndefu, akili inajaza pengo lenyewe kutokana na maana. Kwenye jina la mtu hakuna maana ya kukusaidia. Saida na Faida ni watu wawili, na karani anayeandika jina kwa sauti nyembamba anakisia. Kadhalika jina la dawa, jina la kijiji, herufi za namba ya kitambulisho. Kwa hiyo, hata ukiwa na sauti nzuri, majina na tarakimu vitaje polepole, kisha viandike kwenye ujumbe.

Jambo la nne ni programu yenyewe, na hapa pana mambo ambayo watu wanalaumiana bure.

Ukisikia sauti yako inakurudia baada ya muda mfupi, kosa haliko kwako. Sauti yako imetoka kwenye spika ya mwenzako, ikaingia kwenye maiki yake, ikarudi. Kuzima na kuwasha simu yako hakutasaidia. Anayepaswa kupunguza spika au kuvaa hedifoni ni yule mwingine. Katika kikao cha watu wengi, mwenyekiti azime maiki moja baada ya nyingine hadi mwangwi ukome, na atakuwa amempata. Wahandisi wa Bell Labs huko Marekani walianza kutengeneza dawa ya mwangwi wa simu miaka ya 1960, na programu zetu leo zinatumia wazo lilelile: programu inajua imetoa sauti gani kwenye spika, hivyo inaitafuta sauti hiyo kwenye maiki na kuiondoa. Inafanya kazi vizuri mpaka watu wawili waongee kwa pamoja. Hapo inashindwa kujua ipi iondoke, na mara nyingi inameza sehemu ya maneno yako. Mwenye hedifoni hapatwi na hilo, kwa sababu hakuna cha kuondoa.

Ikiwa mko wawili chumba kimoja na kila mmoja ana simu yake kwenye kikao kilekile, maiki moja tu iwe wazi na spika moja tu itoe sauti. Mkifungua zote, sauti itazunguka kati ya simu hizo hadi igeuke mlio mkali unaoumiza masikio ya wote.

Kuna pia kichujio cha kelele. Kinatafuta sauti ya mtu anayeongea na kufuta kilichobaki. Kwa feni ni msaada mkubwa. Lakini hakijui utamaduni wetu. Siku ya posa, mama aliye Maskati anapiga kigelegele na huku Tanga hakisikiki, kwa sababu programu imekihesabu kuwa kelele. Dufu linakatikakatika. Dua inasomwa, wote wanaitikia amina, na amina ya wengi inafika vipandevipande. Ikiwa shughuli yenu ina nyimbo, ngoma au dua, ingia kwenye mipangilio ya sauti kabla haijaanza na uzime kichujio hicho au ukipunguze. Zoom, kwa mfano, ina sehemu ya kuruhusu sauti ya asili kwa ajili ya wanamuziki. Mwenye kuishughulikia awe mtu mmoja aliyeteuliwa mapema, si bibi harusi.

Jambo la tano ni mtandao. Sauti yako haisafiri ikiwa mfululizo. Inakatwa vipande, kwa kawaida vya milisekunde 20, hamsini kwa sekunde moja. Vinatoka kwa mpangilio kama daladala zinazoondoka kituoni kila baada ya muda uleule, lakini njiani kuna foleni, na huko mwisho zinaingia tatu kwa mpigo baada ya kimya kirefu. Programu ya anayepokea huvisubirisha kidogo ili ivipange upya. Kilichochelewa sana kinatupwa, na pengo lake linazibwa kwa kukisia. Pengo likiwa dogo husikii. Yakifuatana, ndipo tunaposema sauti inakatakata.

Habari njema ni kwamba sauti haili sana. Kodeki ya Opus, yaani kanuni ya kubana sauti iliyokamilishwa mwaka 2012 na inayotumiwa na programu nyingi, inaweza kupeleka sauti pana na nzuri kwa kilobiti 30 hivi kwa sekunde. Picha inadai mamia, hata maelfu. Kwa hiyo mtandao ukiyumba, zima picha mapema, usingoje maneno yapotee. Sogea karibu na ruta, au utumie waya kama upo. Waombe walio nyumbani wasipakue filamu kwa saa hiyo. Na kama unatumia bando la simu, simama karibu na dirisha, kisha ukae mahali pamoja. Kutembeatembea kunaifanya simu ibadilishe minara katikati ya sentensi.

Tukumbuke tulikotoka. Kabla ya mwaka 2009, mawasiliano mengi ya Afrika Mashariki na nje yalipanda kwenye setilaiti iliyo kilomita karibu 36,000 juu, kisha yakashuka. Safari hiyo peke yake ni robo sekunde kwenda, na robo nyingine jibu kurudi. Mwaka huo ndipo mikongo ya baharini ya SEACOM na TEAMS ilipofika pwani yetu, TEAMS ikiunganisha Mombasa na Fujairah katika Ghuba, na EASSy ikafuata mwaka 2010. Wataalamu wa simu wanashauri ucheleweshaji usizidi milisekunde 150 kwa upande mmoja, na mikongo ndiyo iliyotufikisha huko. Jumapili ya tarehe 12 Mei 2024, EASSy na SEACOM zilipokatika, watu kuanzia Dar es Salaam hadi Nairobi waliona mara moja jinsi mazungumzo yao yanavyotegemea nyaya zilizolala chini ya bahari. Siku ya namna hiyo usimkasirikie mwenzako. Zima picha, ongea kwa zamu, na mambo mazito muyaandike.

Jambo la sita ni adabu ya kikao. Mazungumzo ya Kiswahili yana kuitikiana kwingi. Mtu anasimulia, mwenzake anaitikia: ehee, naam, kumbe, enhe. Salamu nazo hupishana, habari za huko juu ya habari za huku, na hakuna anayengoja zamu. Kwenye simu ya video tabia hiyo nzuri inagongana na ucheleweshaji na ile dawa ya mwangwi. Kila ehee inaweza kufuta neno la msimulizi. Wengine, kwa kulijua hilo, wanazima maiki wote, na msemaji anabaki anaongea bila kuitikiwa, hajui kama bado anasikika. Mzee wa miaka themanini akikutana na kimya hicho huamini simu imekatika, hukata au huanza kupiga kelele.

Nashauri hivi. Salamu zipewe nafasi yake, zisiharakishwe: mwenyekiti awaite watu mmoja mmoja kwa majina, kila mmoja asalimu na kusalimiwa. Dakika hizo ni kipimo cha sauti vilevile, kwani ndipo atakapojua nani anakatakata, nani ana mwangwi, nani hasikiki, kabla hoja haijaanza. Wakati wa kuongea, itikieni kwa kichwa na kwa mkono, na msemaji amalizapo atamke kwamba amemaliza. Mzee akiwa kikaoni, kijana mmoja akae naye, amshikie simu kwa umbali wa shubiri moja, amrudishie maneno yaliyopotea. Wahenga walisema waraka ni nusu ya kuonana. Simu ya video inaweza kuwa zaidi ya nusu, ikiwa aliyesafiri anamsikia baba yake hadi pumzi.

Kuna kundi ambalo limeumia kwa sauti mbovu, na naomba tulitaje: wakalimani. Mkalimani anasikiliza na kuongea kwa wakati mmoja, saa nzima au zaidi, hedifoni ikiwa masikioni. Katika Bunge la Kanada, vikao vilipohamia kwenye video, wakalimani walipata majeraha ya masikio na uchovu uliowatoa kazini. Mwaka 2023 ulichukuliwa msimamo mkali: shahidi anayejiunga kwa video bila maiki inayokidhi viwango, maneno yake hayatafsiriwi. Kiswahili ni lugha ya kazi ya Umoja wa Afrika tangu mwaka 2022, na wakalimani wetu wanavaa hedifoni hizo hizo. Waheshimiwa wanaojiunga na mikutano wakiwa ndani ya gari linalotembea, spika ikiwa wazi na kioo kimeshushwa, wanapaswa kujua kwamba kuna mtu masikio yake yanalipa.

Na hilo ndilo neno langu kuu leo. Sauti mbovu haimchoshi anayeitoa. Inamchosha anayeipokea, naye aghalabu hasemi, kwa kuona haya au kwa kuogopa cheo cha msemaji. Ananyamaza, anakisia, anachoka, kisha anakata shauri juu yako bila kujua kilichomsukuma.

Kwa hiyo nina maombi mawili kabla hatujaagana. La kwanza ni kwetu sote tunaoongea. Jirekodi kwa dakika moja kwenye simu yako, ukiwa mahali unapokaa kila siku wakati wa vikao. Soma aya ya gazeti. Kisha sogeza maiki hadi shubiri moja, hamia penye pazia na godoro, usome aya ileile. Sikiliza zote mbili kwa hedifoni. Hutahitaji mtu wa kukushawishi.

La pili ni kwa walio na mamlaka ya kuamua: wanaosaili waombaji kazi, mahakimu, walimu wanaosahihisha mitihani ya kuzungumza, madaktari wanaomsikiliza mgonjwa kwa video, wenyeviti wa vikao. Tengeni dakika tano za kupima sauti ya kila mtu, na muda huo usihesabiwe kwenye nafasi yake. Magereza na vituo vya usaili viwe na chumba chenye pazia na maiki ya mezani iliyo karibu na mdomo. Ni gharama ndogo mno kulinganisha na uzito wa yanayoamuliwa humo. Na kila unapotaka kumwandikia mtu alama ya chini, jiulize kama umemsikia yeye au umesikia chumba chake. Usipokuwa na hakika, mwelekeze asogeze simu, halafu mwambie aanze upya.